Seti ya "Dinosaria wa Baharini" dukani Moshi: sanamu nzuri, kijitabu cha kusahihishwa

Mwezi uliopita nilinunua kwa shilingi 45,000 seti ya sanamu za plastiki ngumu inayouzwa kwa jina la "Dinosaria wa Baharini", katika duka moja la vifaa vya shule na michezo ya watoto lililo Moshi mjini, mwendo mfupi kutoka Soko la Mbuyuni. Nafundisha sayansi darasa la tano, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta kitu ambacho mtoto anaweza kukishika mkononi ninapoeleza habari za viumbe waliotoweka, kwa sababu picha ya kitabuni, hasa ikiwa imetolewa fotokopi mara tatu, haimwonyeshi mtoto namna pezi linavyoungana na bega wala jinsi mkia unavyopinda. Wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuiona bahari. Maji makubwa kuliko yote waliyokwisha kuyaona ni bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa hiyo nimeikagua seti hii kwa jicho la mwalimu, nikaitumia kwa wiki tatu mfululizo, na ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya walimu na wazazi wanaofikiria kuinunua.

Sanduku lina sanamu nane: ikthiosauri, shonisauri, elasmosauri, liopleurodoni, mosasauri, nothosauri, kasa mkubwa aitwaye arkeloni, na spinosauri. Pamoja nazo umo mfuko mdogo wa samaki na amonaiti wa plastiki (viumbe wa kale wa baharini wenye gamba lililojiviringisha kama la konokono), bango la karatasi nzito, na kijitabu cha kurasa 16 kilichoandikwa kwa Kiingereza.

Nianze na jina, kwa kuwa ndilo kosa ambalo mtoto atakutana nalo kabla hata hajafungua sanduku. Kati ya sanamu hizo nane, saba si za dinosaria, na ile moja iliyo ya dinosaria wa kweli, yaani spinosauri, ni ya mnyama aliyeishi kandokando ya mito ya Afrika Kaskazini. Richard Owen alipobuni jina la dinosaria mwaka 1842 huko Uingereza, ikthiosauri na plesiosauri (kundi la akina elasmosauri na liopleurodoni) walikuwa tayari wanajulikana na wamekwisha kupewa majina yao, lakini hakuwaingiza katika kundi lile jipya, kwani alilijenga juu ya wanyama wa nchi kavu ambao miguu yao ilisimama wima chini ya mwili kama nguzo chini ya nyumba. Reptilia wa baharini wa zama zile walitokana na koo mbalimbali za reptilia wa nchi kavu, na kila ukoo ulirudi majini kwa wakati wake na kwa njia yake. Wote waliendelea kuvuta hewa kwa mapafu, hivyo hata aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake ilimlazimu kupanda juu ya maji ili apumue.

Nilipomweleza mwenye duka jambo hili, mama mmoja wa makamo ambaye wateja wake wengi ni walimu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua kalamu ya wino mzito na kusahihisha kibandiko cha Kiswahili alichokuwa amekibandika mwenyewe juu ya sanduku. "Mwalimu, mimi niliandika kama nilivyoambiwa Kariakoo nilikochukua mzigo," alisema, "lakini mtoto asifundishwe uongo." Sasa visanduku vyote vilivyomo rafuni mwake vinasomeka "Reptilia wa Kale wa Baharini", na kwa hilo namshukuru kwa dhati.

Sanamu ya ikthiosauri ndiyo iliyonifanya nifungue pochi. Mara tu nilipoiweka mezani, watoto walisema ni pomboo, na ulinganisho huo ulinipa somo zima la siku ile, kwa sababu mtengenezaji ameonyesha kwa usahihi mahali ambapo wanyama hawa wawili wanatofautiana. Pezi la mkia la pomboo limelala, naye huogelea kwa kuupiga mkia juu na chini. Pezi la ikthiosauri limesimama kama la papa au la samaki yeyote, naye aliupiga mkia kulia na kushoto. Ukiipapasa sanamu kwa kidole utaisikia mistari ya uti wa mgongo ikiteremka na kuingia katika ncha ya chini ya pezi la mkia. Wataalamu wa mwanzo walipouona mpindo huo katika mifupa walidhani mkia ulivunjika baada ya mnyama kufa, hadi visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya Holzmaden, Ujerumani, vilipoonyesha kwenye mwamba kivuli cha ngozi yenyewe, pamoja na pezi la mgongoni lisilokuwa na mfupa hata mmoja. Jicho nalo limetengenezwa kubwa, jinsi inavyostahili. Ikthiosauri aina ya temnodontosauri alikuwa na jicho lenye kipenyo cha takriban sentimita 25, na nilipochora duara la kadiri hiyo ubaoni, darasa lilinyamaza. Ni ukubwa wa sahani ya kulia chakula. Jicho la namna hiyo lilimfaa mnyama aliyewinda katika maji yenye mwanga hafifu.

Kijitabu kinasema tu kwamba ikthiosauri "aligunduliwa Uingereza". Hapo pana upungufu unaoniuma, kwa kuwa ugunduzi huo una jina la mtu, na mtu mwenyewe alikuwa msichana. Mary Anning alizaliwa mwaka 1799 katika mji wa pwani wa Lyme Regis, katika familia maskini iliyouza visukuku kwa wageni. Mwaka 1811 kaka yake Joseph aliliona fuvu kwenye jabali, na mwaka uliofuata Mary, akiwa bado na umri wa miaka 12 au 13, akapata sehemu kubwa ya mwili uliobaki. Mwaka 1823 alifukua plesiosauri kamili wa kwanza. Pamoja na hayo yote, Jumuiya ya Jiolojia ya London haikupokea wanawake katika maisha yake yote, na alifariki mwaka 1847. Wasichana wa darasa langu waliniuliza maswali mengi kuhusu Mary Anning kuliko kuhusu wanyama wenyewe, nami niliwaacha waulize mpaka kengele ilipolia.

Elasmosauri ni sanamu yenye uzuri na yenye hitilafu kwa pamoja. Inakuja vipande vitatu, yaani kiwiliwili, shingo yenye kichwa, na mkia, na mnunuzi anatakiwa kuviunganisha. Matundu mawili ya kiwiliwili yana kipenyo kilekile, kwa hiyo hakuna kinachomzuia mtoto kuichomeka shingo upande wa mkia, na ndivyo ilivyotokea katika kundi la kwanza nililolipa kazi hiyo. Sikuwakemea, kwa sababu mtaalamu aliyebobea alikwisha kufanya vivyo hivyo. Edward Drinker Cope, Mmarekani, alipomweleza elasmosauri kwa mara ya kwanza mwaka 1868 kutokana na mifupa iliyotoka Kansas, aliliweka fuvu kwenye ncha ya mkia, akidhani kwamba shingo ile ndefu mno ndiyo mkia. Mwenzake Joseph Leidy alilionyesha kosa hilo hadharani mwaka 1870, na Cope akajitahidi kuzikusanya nakala za chapisho lake zilizokwisha kusambazwa. Ingawa hivyo, mtengenezaji angeweza kuyapa matundu hayo vipimo tofauti bila gharama ya ziada, na mzazi asiyejua habari hizi atabaki na mnyama aliyegeuzwa nyuma mbele.

Shingo yenyewe imepindwa kwenda juu kama ya heroe aliyesimama kando ya Ziwa Natron, na hapo mtengenezaji amefuata picha za zamani. Elasmosauri alikuwa na pingili 72 za shingo. Twiga, ambaye wanafunzi wangu wanamfahamu vyema, ana pingili saba tu, idadi ileile aliyo nayo binadamu, ila zake ni ndefu sana. Mtu angetarajia kwamba shingo yenye pingili 72 ingepinda kama kamba, lakini viungo baina ya pingili hizo viliruhusu mpindo mdogo tu kila mahali, na uzito wa shingo nzima ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mnyama asingeweza kuinyanyua juu ya maji na kuiweka wima. Inaelekea aliinyosha mbele au kuielekeza chini, kichwa chake kidogo kikawafikia samaki na ngisi kabla kiwiliwili kikubwa hakijawashtua. Niliilainisha shingo ya plastiki katika maji ya moto, nikainyosha, nikaipoza katika maji ya baridi, na imebaki hivyo hadi leo. Nawashauri wanunuzi wengine wafanye vivyo hivyo, mtu mzima akiwa ndiye anayeshughulika na maji ya moto. Makasia manne ya mnyama huyu yametengenezwa vizuri sana: ni membamba kwenye ncha na mapana katikati, kama mabawa, kwani plesiosauri waliruka ndani ya maji kwa namna inayokaribiana na ya kasa.

Mosasauri watoto walimwita kenge, na hawakuwa mbali na ukweli. Huyu ni wa jamii kubwa ya mijusi na nyoka, na kenge anayekatiza mashamba yetu ya migomba ana undugu naye ulio karibu zaidi kuliko ule alio nao dinosaria yeyote. Mafuvu ya kwanza yalipatikana katika karne ya 18 kwenye machimbo ya chokaa karibu na Maastricht, Uholanzi. Jeshi la Ufaransa lilipouteka mji huo mwaka 1794 moja likachukuliwa na kupelekwa Paris, ambako Georges Cuvier alithibitisha kwamba ni mjusi mkubwa wa baharini. Jina lake maana yake ni mjusi wa mto Meuse. Taya la sanamu linafunguka, na ndani yake, juu ya kaakaa, mtengenezaji ameweka safu ya pili ya meno madogo, kama ilivyokuwa kwa mnyama mwenyewe, meno ambayo yalishika windo lisiteleze na kulisukuma kooni. Nilifurahi kuliona jambo hilo katika kitu cha bei hii.

Kwa bahati mbaya mgongoni amewekewa upanga wa ngozi wenye meno kama msumeno, na huo haukuwapo. Wazo hilo lilitokana na pete za gegedu za koo la hewa zilizodhaniwa kuwa ni ushungi wa ngozi, na Samuel Wendell Williston, aliyelianzisha, ndiye aliyelisahihisha yeye mwenyewe, lakini picha zilizokwisha kuchorwa zimeendelea kunakiliwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Mkia pia umenyooka kama wa mkunga, ilhali kisukuku kutoka Yordani kilichochapishwa mwaka 2013 kilionyesha alama ya pezi la mkia lenye umbo la mwezi mchanga. Upanga wa mgongoni niliukata kwa wembe na kuusugua kwa msasa. Pezi la mkia tulilibandika sisi wenyewe kutokana na kipande cha ndoo iliyopasuka.

Liopleurodoni ndiye sanamu kubwa kuliko zote sandukuni, sentimita 30, na kijitabu kinampa urefu wa mita 25. Kipimo hicho kimeenea sana, lakini visukuku havikiungi mkono: mnyama huyu alikuwa na urefu wa takriban mita 7 hivi, jambo ambalo bado lilimtosha kuwa mwindaji wa kutisha. Tulitoka uwanjani na kamba, tukapima mita 7, kisha mita 10 za elasmosauri, kisha mita 15 za shonisauri, na watoto wakaona kwa macho yao kwamba sanamu zimepewa ukubwa bila kufuata kipimo kimoja, kwa maana shonisauri wa sandukuni ni mfupi kuliko liopleurodoni. Kama kuna reptilia wa bahari anayestahili kutajiwa mita 25, basi ni ikthiosauri mwingine, ambaye taya lake lilitokana na mwamba wa pwani ya Somerset, Uingereza, na kupewa jina rasmi mwaka 2024. Makadirio ya urefu wake yanakaribia kipimo hicho, na mmoja wa waliogundua mabaki yake mwaka 2020 alikuwa msichana wa miaka 11, akitembea ufukweni na baba yake. Darasa langu lina watoto wa umri huo huo.

Nothosauri na arkeloni ni sanamu za kawaida, hazina kosa kubwa wala jambo la kusifia.

Ukurasa wa 9 wa kijitabu ndio ninaowaomba walimu wausahihishe kabla haujasomwa na mtu. Unaonyesha ikthiosauri na plesiosauri wakitambaa mchangani kutaga mayai. Kasa alifanya hivyo na anafanya hivyo hadi leo; ikthiosauri hakufanya, wala kwa mwili ule asingeweza. Visukuku kadhaa vya ikthiosauri vimepatikana vikiwa na viinitete tumboni, na vingine vikionyesha mtoto akiwa katika njia ya kuzaliwa. Kuhusu plesiosauri, ushahidi ulichapishwa mwaka 2011, nao ni mifupa ya polikotilo, plesiosauri wa aina mojawapo, aliyekuwa na mtoto mmoja mkubwa ndani yake. Wanyama hawa walizaa majini, na nadhani jambo hili linamfikia mtoto kwa nguvu zaidi kuliko habari yoyote ya meno na taya.

Bango linawaonyesha wanyama wote nane katika bahari moja, siku moja, huku jiwe la moto likishuka kutoka angani. Ni picha yenye rangi za kupendeza, lakini inafuta muda. Niliirekebisha kwa kamba ya katani yenye urefu wa sentimita 252, kila sentimita ikiwa miaka milioni moja, nikaitundika ukutani na kuziweka picha za wanyama kwa vibanio vya nguo. Mwanzo wa kamba ni mwanzo wa kipindi cha Triasiki, miaka milioni 252 iliyopita. Jurasiki inaanzia penye 201, Kretasia penye 145, na fundo jekundu limefungwa penye 66, wakati kimondo chenye kipenyo cha takriban kilomita 10 kilipoanguka mahali ambapo leo ni Mexico. Nothosauri anabaki katika sehemu ya kwanza, na kati yake na mosasauri pana zaidi ya sentimita 100 za kamba. Ikthiosauri anaishia penye 90, sentimita 24 kabla ya fundo jekundu, kwa hiyo kimondo hakikumkuta. Fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata Oldupai mwaka 1959 na lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, lipo chini ya sentimita mbili kutoka mwisho wa kamba, na hapo watoto waliokwisha kutembelea Makumbusho ya Elimu Viumbe kule Arusha walielewa ghafla jinsi Oldupai ilivyo karibu nasi.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote, hata hivyo, hakikutajwa popote kijitabuni. Katika ule mfuko mdogo, baina ya samaki wa plastiki, yumo mmoja mwenye mapezi mazito yanayochomoza mwilini kama viganja, na mkia wenye kijipezi cha ziada katikati. Huyo ni silikanti. Jamii yake ilikuwako baharini pamoja na reptilia hawa wote, ikadhaniwa imetoweka pamoja na dinosaria, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamewanasa kadhaa, na mwaka 2009 eneo hilo likatengwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Tanga ni safari ya basi ya siku moja kutoka hapa kwetu! Mtengenezaji aliyemtia samaki huyu mfukoni kama kijalizo hakujua thamani yake kwa mtoto wa Tanzania. Huko huko Tanga ndiko alikotoka tangasauri, reptilia mdogo aliyepewa jina la mji huo mwaka 1924, ambaye aliishi kabla ya mwanzo wa kamba yetu. Ningefurahi sana kumwona naye siku moja katika seti kama hii, na ningemlipia zaidi kuliko ninavyomlipia spinosauri.

Kuhusu uimara, sanamu zimezama katika beseni la maji kwa siku mbili bila rangi kuchujuka, isipokuwa tumbo jeupe la shonisauri ambalo limeanza kubanduka. Hazina harufu kali ya plastiki. Amonaiti ni wadogo mno, na mtoto wa chini ya miaka mitatu anaweza kuwameza, kwa hiyo mwenye watoto wadogo nyumbani awatoe kabisa. Kasia moja la arkeloni lilikuwa limevunjika ndani ya sanduku. Nilirudi nalo dukani siku ya pili, na mama akanibadilishia bila kuuliza risiti.

Je, inastahili shilingi 45,000? Kwa shule, ndiyo, mradi mwalimu awe tayari kutumia jioni moja kusahihisha kijitabu na kulikata bango, kwa maana ikthiosauri, elasmosauri aliyenyoshwa shingo na mosasauri aliyeondolewa upanga wanafundisha mambo ambayo sijaweza kuyafundisha kwa chaki peke yake. Kwa mzazi anayetaka zawadi ya kumkabidhi mtoto na kumwachia acheze peke yake, ningesita, kwani mtoto atajifunza makosa kwa furaha ileile atakayojifunzia ukweli. Nilimshauri mama auze pia sanamu moja moja, naye ameshaanza: ikthiosauri anauzwa shilingi 7,000, mosasauri 8,000, na mfuko wa samaki, wenye silikanti ndani, 2,000. Visanduku kamili vilivyobaki nilivihesabu vitano, rafu ya chini, nyuma ya tufe za dunia.